Nikodemo na Chupa ya Fanta

Nikodemo alimwendea Yesu usiku, na huko akauliza swali ambalo wahubiri wetu hulipita mbio. Aliambiwa kwamba ni lazima mtu azaliwe mara ya pili, naye akataka kujua mzee atazaliwaje, kama ataweza kurudi tumboni mwa mama yake. Katika mikutano ya injili hapa Kitale, mhubiri akifika hapo hutabasamu, humgeuza Nikodemo kuwa msomi asiyeelewa mambo ya rohoni, kisha huwahi kuwaita watu waje mbele. Mimi naona yule mzee aliuliza jambo zito. Mtu aliyekwisha kuishi nusu ya maisha yake ana mke, ana madeni, ana sauti yake na namna yake ya kushika jembe. Akizaliwa upya, hivyo vyote vinakwenda wapi?

Kazi yangu ni ufundi wa redio. Nina kibanda kando ya njia inayoingia Kipsongo, na jioni nafundisha kwaya katika kanisa letu dogo la mabati. Swali la Nikodemo halijanitoka moyoni tangu Pasaka, kwa sababu ya vijana wawili wa mtaani na chupa yao.

Kipsongo ni mtaa wa mabanda ulioshikana na mji wa Kitale. Waturkana wengi walifika hapa wakikimbia ukame na wizi wa mifugo huko kaskazini. Walikuja na ufundi wao wa kupinda fito na kuzifunika, ila mahali pa ngozi wakatia nailoni, magunia na matambara. Tukaongezeka na sisi wengine, Wabukusu, Wateso, Wanyore, watu walioishiwa na shamba au waliozaliwa bila shamba. Kaunti ya Trans Nzoia inalisha nchi kwa mahindi yake, na mtaani kwetu wako akina mama wanaofagia punje zinazodondoka malori yakipakua, wakazipepeta, wakapika. Wengi huishi kwa kuokota. Chuma, plastiki na chupa hupimwa kwa kilo na kuuzwa, na mtoto wa hapa hujua bei ya shaba kabla hajajua kuandika jina lake.

Vijana ninaowasema huokota vyuma. Mmoja ni Mturkana aliyezaliwa hapa hapa, Lodwar ya huko Turkana anaisikia tu kwa bibi yake. Mwenzake ni Mbukusu, mama yake alitoka upande wa Kamukuywa. Gitaa lao lina nyuzi tano za dukani, na ya sita ni uzi mmoja uliochambuliwa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Wa pili hana gitaa. Ana chupa ya Fanta ya zamani, ile ya kioo yenye mizunguko ya mabonde kiunoni, aliyoitoa kwenye rundo la vyuma, na msumari wa inchi nne. Nyimbo zao ni za ajabu. Upo wa kuku aliyekataa kuuzwa, upo wa kufuli la bomba la maji linalotubu usiku, na upo wa askari wa kaunti anayeota kwamba mikokoteni yote aliyoikamata imekuja kumshtaki. Wanaimba kwa Kiswahili, Kiturkana na Kibukusu katika ubeti mmoja. Tulizirekodi kwa simu ndani ya kibanda changu usiku, soko likiwa limenyamaza, zikasambaa kwa memori kadi kutoka bodaboda moja hadi nyingine.

Pasaka iliyopita wote wawili wakaokoka. Nilifurahi, na bado nafurahi. Wakaja wakiwa na nyimbo mpya, wakasema sasa wanataka kurekodi kazi ya pili, ya kumshukuru Mungu. Mzee mmoja wa kanisa akawasikia wakifanya mazoezi, akaingia, akasimama mpaka wakamaliza. Kisha akasema kwa upole, kwa maana ni mtu mpole: "Wanangu, gitaa linaweza kuokoka. Chupa haiwezi. Chupa ni ya kilabuni." Alipotoka, yule Mturkana akaniuliza, "Mwalimu, tuiache?"

Niliwaambia waketi, nikawawekea kanda ya Abana ba Nasery.

Kijana wa leo akilisikia jina hilo hushangaa. Ni watu watatu wa Bunyore, Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, waliokuwa wakipiga pamoja tangu miaka ya 1960. Magitaa mawili na chupa ya Fanta. Wawili waliimba sauti zikiambatana, ya juu na ya chini, jinsi Waluhya tunavyoimba tangu zamani, na Okola akaikwaruza na kuigonga chupa yake kwa chuma. Mtindo wao ni omutibo, ambao wengi tunauhusisha na George Mukabi wa Kisa, aliyeuawa mwaka 1963 angali kijana. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinachezea nyembamba, na shingoni mwa gitaa pamefungwa kipande cha penseli kwa mpira ili kupandisha sauti. Ni vidole viwili tu, na bado mtu asiyeona huapa kwamba wapigaji ni wengi.

Nazijua rekodi zao kwa sikio la ufundi. Mteja akileta spika iliyochanika karatasi, nikimaliza kuigundisha huipima kwa wimbo wa Abana ba Nasery. Gitaa hudanganya: spika mbovu inaweza kulitoa gitaa vizuri tu. Chupa haidanganyi. Ule mlio mwembamba, mkavu, ukitoka na mkwaruzo pembeni najua gundi haijashika, nafungua tena. Kwa hiyo ule mlio nimeusikiliza kwa makini kuliko watu wengi, nikiwa nimeinamisha sikio.

Sasa, kilichonifanya niwawekee vijana wale kanda ile ni habari ya kazi mbili. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya rekodi ambazo Abana ba Nasery walikuwa wamezifanya miaka mingi nyuma kwa ajili ya santuri ndogo za soko la hapa kwetu, ikazitoa kama albamu. Ndiyo ya kwanza ambayo dunia iliijua. Lakini kwa haki haikuwa kazi mpya. Ilikuwa ushuhuda: haya ndiyo tuliyoyafanya tukiwa vijana. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaitwa Uingereza, wakaingia studio watu wazima, wakatoa ya pili iliyoitwa Nursery Boys Go Ahead! Humo walipiga pamoja na wageni: Ron Kavana kutoka Ayalandi, na baadhi ya watu wa Oysterband na wa 3 Mustaphas 3, kundi la Waingereza waliojitungia hadithi kwamba wao ni ukoo mmoja kutoka kijiji cha Balkani.

Fikirieni walivyoingia mlango ule. Kati ya ujana wao na siku ile walikuwa wamepiga hata magitaa ya umeme, kwa majina ya Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band. Walijua kuvaa mavazi mengine. Mbele yao kulikuwa na mitambo ya studio na watu wenye kila aina ya ngoma na kengele. Kama kuna siku ambayo mtu angeweza kusema chupa ya Fanta ilikuwa ya umaskini, sasa tuiweke chini, ilikuwa siku ile. Wakaingia nayo. Wageni wakajipanga kandokando ya mlio wake. Siyo kila wimbo ulionikaa. Ziko sehemu ambapo nahisi wageni wamejaa mno, natafuta chupa kwa sikio mpaka naipata. Lakini naipata. Ni watu wale wale na ni watu wapya, na hakuna aliyeuawa ili mwingine azaliwe.

Hapo ndipo ninapomjibu Nikodemo, na jibu langu linatofautiana na lile lililotawala nchi hii ya magharibi kwa muda mrefu.

Baba yangu alikuwa Mnyore aliyekuja Trans Nzoia kabla ya Uhuru kufanya kazi katika shamba la Mzungu. Bunyore kwao kituo cha misheni cha Kima kimekuwapo tangu 1905, kwa hiyo alizijua nyimbo za kanisa na alijua pia omutibo, na Jumamosi jioni kwenye nyumba za wafanyakazi alikuwa na gitaa mapajani. Katika miaka ya 1970 alihudhuria mkutano mkubwa wa injili, akaokoka. Siku ya mwisho watu walitakiwa walete vitu vya maisha ya zamani. Wakaleta hirizi, wakaleta mirija ya busaa, wakaleta misokoto ya bangi, na watu kadhaa, baba akiwemo, wakaleta magitaa. Vyote viliwekwa kwenye moto mmoja. Nilikuwa mtoto mdogo, nimeshikwa mkono na mama, na naikumbuka harufu ya vanishi ya lile gitaa.

Baba aliacha pombe siku ile na hakuirudia mpaka anazikwa. Akaacha kumpiga mama. Mtu atakayedharau wokovu wa baba yangu mbele yangu tutakosana. Ila aliacha pia kuimba. Kanisani alisimama na kitabu cha nyimbo wazi, midomo ikienda, sauti haitoki. Mama alimwambia mara nyingi, "Baba watoto, imba hata za kanisa." Akajibu kwamba sauti ile ilikuwa ya mtu mwingine. Aliambiwa yule wa kwanza amekufa, naye kwa utii wake akamzika pamoja na kila alichokuwa nacho, kibaya na kizuri. Nimeishi na hasira kidogo juu ya jambo hilo, si juu ya Mungu, bali juu ya wale walioshindwa kutenganisha gitaa na bangi kabla ya kuwasha kiberiti.

Iko njia ya pili, nayo ilipita karibu na hapa. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, alikuwa mshirika wa kanisa la Marafiki, na alikuwa mchezaji mpira hodari katika ujana wake. Kanisa lilimtenga alipooa mke wa pili. Katika miaka ya 1940 akaongoza Dini ya Msambwa, akiwaita Wabukusu warudi kwa Wele, Mungu wa baba zao, na kwa mizimu ya mababu, na wakoloni waondoke. Serikali ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathare. Mwaka 1948 polisi wakawapiga risasi wafuasi wake Malakisi, watu wakafa, dini yake ikapigwa marufuku, naye akazuiliwa mbali na kwao kwa zaidi ya miaka kumi. Hata baada ya Uhuru serikali yetu wenyewe iliipiga marufuku tena, mwaka 1968. Alifariki 1987. Namheshimu Masinde. Alikataa kuambiwa kwamba babu yake alikuwa giza tupu, na katika hilo alisema kweli iliyomgharimu. John Mbiti, mchungaji wa Kianglikana na msomi mkubwa wa dini kutoka Ukambani, alikuja kulieleza jambo hilo vitabuni baadaye: wamisionari hawakumleta Mungu Afrika, Mungu ndiye aliyewaleta.

Lakini kurudi nyuma ndiko hasa Nikodemo alikouliza habari zake, na jibu lilikuwa hapana. Hakuna anayeingia tena tumboni. Vijana wangu hawawezi kurudi Turkana ambayo mmoja wao hajaiona, wala kwenye Bukusu isiyokuwa na barabara ya lami na simu. Hata omutibo yenyewe si ya mababu wa mbali. Magitaa mengi yaliletwa na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, na wapigaji wetu walimsikiliza sana Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Ndiyo maana nilishangaa mzee wetu aliposema gitaa linaweza kuokoka. Gitaa limekaa kilabuni miaka mingi sawa na chupa. Limesamehewa kwa sababu tu limeonekana mikononi mwa wahubiri kwenye televisheni.

Na Fanta yenyewe ina historia ambayo mtu wa Kipsongo anapaswa kuijua. Ilianzia Ujerumani mwaka 1940, wakati wa vita, kiwanda cha Coca-Cola kilipokosa malighafi yake ya kawaida kutoka ng'ambo. Wakatumia walichopata: maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, na makapi ya matufaa. Kinywaji kilizaliwa kwa mabaki. Chupa yake, yenye mabonde yale, imekuja kuokotwa kwenye rundo la vyuma Kitale na mtoto anayeishi kwa mabaki. Sidai kwamba hilo ni muujiza. Nasema tu kwamba aliyeumba ulimwengu hana haraka ya kutupa vitu kama sisi.

Wabukusu wanalijua jambo hili la kuzaliwa mara ya pili kuliko tunavyowapa heshima. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara, barabara ya kutoka hapa kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye na Bungoma hujaa wavulana wanaokimbia na kengele za chuma, chinyimba, wakizigonga kuwaalika jamaa. Alfajiri ya siku yenyewe mvulana hupakwa tope mtoni, hurudi uwanjani kwao akiwa hatambulikani, husimama wima, hapepesi jicho. Anayetoka pale ni mtu mwingine kabisa kimila: ana rika, ana haki, ana wajibu. Marika yana majina manane, Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa, na jina hurudi baada ya karibu karne nzima kuwapokea watoto wa watoto wa waliolibeba. Yule kijana wangu Mturkana hatahiriwi, kwao si desturi, na yeye na mwenzake Mbukusu wametaniana sana juu ya hilo. Lakini alipoalikwa nyumbani kwa rafiki yake alikaa usiku kucha, akaona nilichokiona mimi: mama haambiwi mwanao amekufa. Anaambiwa huyu hapa, mtazame. Kilichoongezeka mwilini mwake ni kovu.

Na kovu ndilo linalonirudisha kwenye Injili ya Yohana, kitabu kile kile cha Nikodemo. Yesu alipofufuka, mwili wake ulikuwa mpya kiasi kwamba Maria Magdalena alimdhania mtunza bustani, na milango iliyofungwa haikumzuia. Kama kuna mtu angestahili kutoka bila alama, ni yeye. Lakini Tomaso alionyeshwa nini? Mikono ile ile, ubavu ule ule, matundu yakiwa palepale. Maisha mapya yalikuja na misumari yake. Nimeyasikia mahubiri mengi juu ya Tomaso kukosa imani, na machache sana juu ya kitu alichoonyeshwa. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuyafuta aliyotendewa na wanadamu katika maisha ya kwanza, ni nani aliyempa mchungaji wa Kitale ruhusa ya kuwafutia watu yao? Paulo naye baada ya kuokoka aliendelea kushona mahema Korintho. Petro alirudi ziwani kuvua, na Bwana akamkuta huko huko kwenye mashua. Nikodemo mwenyewe hatajwi popote kwamba aliacha utajiri wake au cheo chake. Siku ya maziko alikuja na manemane na udi, karibu ratili mia, mzigo ambao maskini hangeweza kuununua. Alizaliwa mara ya pili akiwa na mkoba wake, na mkoba ndio uliofanya kazi.

Nimefikiri pia upande wa yule mzee wetu, maana sitaki kumshinda kwa maneno tu. Katika kanisa letu yuko baba mmoja aliyekunywa chang'aa mpaka karibu apoteze macho. Ameacha. Kila Jumapili ameketi benchi la mbele na watoto wake wamevaa viatu. Aliniambia kwamba mlio wa chupa ukigongwa humpandisha jasho, kwa sababu kilabuni alikokuwa akinywea kulikuwa na mpigaji wa chupa, na mwili wake haujasahau. Huyo si mnafiki, wala si mtu wa sheria. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, akasema kwamba sanamu si kitu na nyama ni nyama, lakini kama nyama itamwangusha ndugu yake, yeye hataila. Tangu baba huyo aniambie, najua kwamba swali la chupa haliishi kwa kusema kila kitu ni safi. Kitu kinaweza kuwa safi na bado kikamuumiza mtu.

Ila tazameni tofauti iliyopo. Paulo hakuamuru nyama ichomwe moto mjini kote. Alisema atajizuia yeye mwenyewe, kwa ajili ya mtu anayemjua kwa sura, mezani. Hilo ni jambo la upendo na linahitaji macho. Kupiga marufuku hakuhitaji macho. Nilikwenda na vijana wale nyumbani kwa baba huyo, tukamwambia wazi. Yule mwenye chupa akasema, "Baba, ukiwepo sitaigonga." Baba huyo akanyamaza, kisha akauliza kama anaweza kuisikiliza kidogo akiwa kwake, mchana, chai iko mezani. Kijana akaikwaruza polepole, bila kugonga. Baba huyo alishika kikombe kwa mikono miwili mpaka wimbo ukaisha, akasema hapo anaweza, siku nyingine ajaribu tena. Ndivyo walivyopatana: baba huyo akiwepo kanisani, chupa inakwaruzwa, haigongwi.

Najua wako watakaosema hili ni jambo dogo, chupa tu, na Kipsongo ina njaa na watoto wanaovuta gundi. Hao nawajibu kwamba nyumba niliyokulia ilikuwa na chakula na ilikuwa na ukimya wa mtu aliyeambiwa nusu yake ni taka. Watoto wa mtaa huu wanaambiwa hivyo na kila anayepita: na kaunti inapokuja kubomoa, na mwenye duka anapowafukuza barazani. Kanisa likiwaambia neno hilo hilo kwa jina la wokovu, watakimbilia wapi? Injili wanayoihitaji ni ile inayomkuta mtu na alichookota mkononi na kumwuliza anaweza kukifanyia nini.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji na wazee wa makanisa, kuanzia Kitale hadi Bungoma. Msimu wa mikutano unakuja, na mtawaita watu walete vitu vya maisha ya zamani. Hirizi chomeni, pombe mwageni, sina neno. Lakini mtu akija na ala ya muziki, iwe gitaa, iwe litungu, iwe chupa, msiipokee kabla hamjakaa naye chini na kumwuliza mambo mawili: ameitumia kufanya nini, na ni nani anayeumia akiisikia. Kama yuko anayeumia, mpelekeni kwake wakapatane. Kama hayuko, mrudishieni ala yake, na Jumapili inayofuata mpeni nafasi aipige.